Habari za Bibi Bessie Coleman, Rubani

Tumekusudia kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya Bibi Bessie Coleman, mwanamke wa kwanza wa watu weusi kupata hati ya urubani, aliyefariki mwaka 1926 katika mji wa Jacksonville, nchi ya Marekani. Wapo wanaodhani ya kuwa alikufa kwa sababu ya kucheza angani pasipo kiasi, kana kwamba ushujaa wake ndio uliomwua. Sisi tumezifuata habari zake tangu mwanzo hata mwisho, na hatukuona hivyo. Kilichomwua ni spana, chombo kile kile cha fundi cha kukazia nati, kilichoachwa mahali pasipo pake ndani ya ndege kuukuu. Na ni kwa sababu gani mtu hodari kama yeye alipanda ndege kuukuu, hilo ndilo jambo linalotaka kuelezwa kwa urefu.

Alizaliwa tarehe 26 Januari 1892 katika mji mdogo uitwao Atlanta, katika jimbo la Texas, wala si Atlanta ile kubwa ya jimbo la Georgia. Baba yake aliitwa George na mama yake Susan, naye Bessie alikuwa mtoto wa kumi katika watoto kumi na watatu. Alipokuwa na umri wa miaka miwili wazazi wake walihamia Waxahachie, mji wa pamba ulio kusini ya Dallas. Utumwa ulikuwa umekomeshwa katika nchi ile tangu mwaka 1865, walakini watu weusi wa kusini walikuwa bado chini ya sheria za ubaguzi: shule zao mbali, viti vyao mbali, milango yao mbali. Wengi walilima katika mashamba ya wenye nchi na kugawana nao mavuno, na mara nyingi baada ya kugawana mkulima alijikuta ana deni.

Baba yake alikuwa na asili ya watu weusi pamoja na wenyeji wa kwanza wa Marekani. Mwaka 1901 alichoka na maisha ya Texas, akataka kuhamia Oklahoma, mahali ambapo wenyeji hao walikuwa na haki zaidi. Mkewe hakukubali, basi akaenda zake peke yake, akamwacha mama na watoto. Bessie alikuwa na miaka tisa. Mama akaingia kazi ya nyumbani kwa Wazungu, na Bessie akawa ndiye mlezi wa wadogo zake. Alikwenda shule kwa miguu, maili nne, katika nyumba ya chumba kimoja, na wakati wa kuchuma pamba masomo yalisimama watoto wakaenda mashambani. Hata hivyo alikuwa mwepesi sana wa hesabu. Inasimuliwa kuwa hakupenda kuchuma pamba, ila alipenda kusimama penye mizani na kuhakikisha kwamba jamaa zake hawapunjwi katika uzani.

Fedha alizopata kwa kufua nguo za watu aliziweka akiba, na mwaka 1910 akaingia chuo cha watu weusi cha Langston katika Oklahoma. Akiba ile ilitosha muhula mmoja tu. Akarudi Waxahachie, akashika tena beseni la kufulia.

Mwaka 1915, akiwa na miaka ishirini na mitatu, aliwafuata kaka zake Chicago, mji mkubwa wa kaskazini. Hapo alipata kazi katika duka la kinyozi, kazi ya kutengeneza kucha za wateja. Si kazi ya kudharauliwa, maana duka la kinyozi ndilo baraza la mji: wenye magazeti, wenye fedha, wanasiasa na askari, wote hupita hapo, na mwenye kushika mkono wa mtu kwa nusu saa husikia mengi. Vita vikuu vya 1914 hata 1918 vilipokwisha, askari weusi walirudi kutoka Ufaransa na habari za ndege. Kaka yake John, aliyekuwa mmoja wao, siku moja aliingia dukani akamtania dada yake mbele ya watu, akamwambia ya kwamba wanawake wa Ufaransa wanawashinda wanawake weusi wa Chicago, kwa kuwa wale hurusha ndege na hawa hawatarusha kamwe. Watu wakacheka. Bessie hakucheka. Tangu siku ile alinuia kuwa rubani.

Kunuia ni jambo moja na kupata mwalimu ni jambo jingine. Kila shule ya urubani aliyoiendea katika Marekani ilimkataa, kwanza kwa rangi yake, na pili kwa kuwa ni mwanamke. Ndipo akaenda kwa Bwana Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, gazeti lililosomwa na watu weusi katika majimbo mengi. Huyu alimshauri asipoteze wakati kubisha hodi penye milango iliyofungwa, bali ajifunze Kifaransa na kuweka akiba, kisha aende Ufaransa. Bibi Bessie akajifunza Kifaransa, akaacha kucha, akapata kazi yenye mshahara mzuri zaidi katika duka la chakula, na wenye mali kadhaa wa Chicago wakamsaidia. Mwezi wa Novemba 1920 alipanda meli huko New York.

Shule aliyoingia ilikuwa ya ndugu wawili waitwao Caudron, katika Le Crotoy, kijiji kilicho kwenye mlango wa mto Somme, kaskazini ya Ufaransa. Msomaji akumbuke ndege za siku zile zilivyokuwa. Hazikuwa za chuma kama hizi za sasa, bali za mbao na kitambaa, zimefungwa kwa nyaya, zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Ile aliyojifunzia ilikuwa Nieuport. Rubani alishika mti mmoja mnene uliosimama mbele yake, na miguu yake aliiweka juu ya ufito wa kugeuzia mkia. Mwalimu alikaa katika tundu la mbele na mwanafunzi la nyuma, na kwa ajili ya mngurumo hawakuweza kusemezana. Mwanafunzi aliangalia ule mti wake ukisogea na ufito ukigeuka, na kwa kuangalia hivyo akajifunza. Huko alimwona mwanafunzi mwenzake akifa katika ajali. Ilimshtua sana, lakini hakuiacha shule. Mafunzo ya miezi kumi aliyamaliza katika miezi saba, na tarehe 15 Juni 1921 akapewa hati na shirika kubwa la urubani la mataifa yote, ambayo ilimruhusu kurusha ndege mahali popote duniani.

Alirudi Marekani mwezi wa Septemba mwaka ule, na magazeti yakamlaki. Lakini sifa hazimlishi mtu. Zamani zile hapakuwa na safari za abiria kama leo, na rubani asiye askari wala mchukuzi wa barua aliweza kupata riziki kwa njia moja hasa, nayo ni kuonyesha watu michezo ya angani kwa kiingilio: kupinduka, kuzunguka kama pia, kupiga mbizi kutoka juu na kuinuka karibu na ardhi. Kwa kazi hiyo alihitaji mafunzo zaidi, na kwa kuwa Chicago hakuna aliyetaka kumfundisha, mwaka 1922 akavuka tena bahari, akaenda Ufaransa, Uholanzi na Ujerumani.

Tarehe 3 Septemba 1922 aliruka mbele ya watu kwa mara ya kwanza katika nchi yake mwenyewe, karibu na New York, katika sikukuu ya kuwaheshimu askari weusi wa kikosi cha 369 waliopigana Ufaransa. Ndege haikuwa yake, aliazimwa. Majuma machache baadaye aliruka Chicago, mbele ya jamaa zake na watu wa mtaa wake.

Hapa tuseme jambo ambalo waandishi wengine hulipita upesi. Bibi huyu hakuwa mtu mwepesi wa kufanya naye kazi. Aligombana na wasimamizi wake mmoja baada ya mwingine, alijipunguzia umri mbele ya waandishi wa magazeti, na mara nyingine alitangaza kwamba ana ndege nyingi zinakuja kutoka Ulaya, nazo hazikuja. Alipokubali kucheza katika filamu na kisha akaambiwa ya kuwa mwanzo wake ataonekana amevaa matambara, ana fimbo na furushi mgongoni, kama mshamba asiyejua kitu anayeingia mjini, alikataa akaondoka zake, na wenye filamu wakamkasirikia. Katika hilo la filamu sisi tunaona alikuwa na haki. Kusudi lake lilikuwa kwamba mtoto mweusi amtazamapo aone mtu, wala asione kichekesho. Katika yale mengine alikuwa na makosa kama watu wote, na mengi ya makosa hayo yalitokana na shida moja: hakuwa na ndege yake mwenyewe, na nia yake kubwa, yaani kufungua shule ya urubani kwa watu weusi, haikuweza kuanza pasipo ndege.

Basi alikwenda California, akafanya kazi ya kutangaza matairi ya kampuni moja ya Oakland, na kwa fedha hizo akanunua ndege. Ilikuwa ndege ya Curtiss JN-4, ambayo watu waliiita Jenny. Serikali ya Marekani ilikuwa imetengeneza maelfu ya ndege hizi kwa kuwafundishia marubani wa vita, na vita vilipokwisha ikaziuza kwa bei ya chini, nyingine zikiwa zimetumika sana, nyingine zimekaa muda mrefu ghalani. Yeyote asiye na fedha nyingi aliyetaka kuruka alinunua Jenny. Injini yake ilikuwa ya silinda nane na nguvu za farasi 90. Vali zake zilikuwa wazi nje, zikaliwa na vumbi, na fundi alipaswa kuzipaka grisi kwa mkono kila mara. Tena kila silinda ilikuwa na plagi moja tu ya kutoa cheche, na cheche zote zilitoka katika chombo kimoja. Chombo hicho kikiharibika, silinda zote nane huzima pamoja. Katika ndege zilizokuja baadaye mafundi waliweka vyombo viwili vya cheche na plagi mbili katika kila silinda, ili kimoja kikifa kingine kiendelee; lakini hekima hiyo haikuwamo katika injini ile.

Wasomaji wetu wengi hudhani kwamba injini ikizimika ndege huanguka papo hapo kama jiwe. Sivyo. Ndege yenye mabawa mazuri huweza kuteleza hewani pasipo injini, kama mwewe anayeshuka bila kupiga mabawa. Rubani huinamisha pua ya ndege kidogo ili mwendo usipotee, huku akitafuta kwa macho uwanja au shamba tambarare, akageuka kuelekea upepo, akatua. Lakini kwa hayo yote anahitaji kitu kimoja, nacho ni nafasi chini yake. Mwenye futi 3,000 anao wakati wa kuchagua. Mwenye futi 300 hana wakati wa kuchagua wala wa kugeuka. Na akishtuka akainua pua ili asiguse nyumba, mwendo hupotea, mabawa huacha kubeba, na hapo ndipo ndege huanguka kweli.

Mwezi wa Februari 1923 Bibi Bessie aliondoka Santa Monica katika ndege yake mpya kwake ingawa kuukuu, akielekea uwanja wa Los Angeles, ambako watu wengi walikuwa wakimngoja. Alikuwa ameinuka futi 300 injini ilipozimika. Ndege ikaenda chini kwa pua ikavunjikavunjika. Walimtoa katika mabaki amezirai, mguu umevunjika, mbavu zimevunjika, uso umechanika. Inasimuliwa kuwa alipozinduka alimsihi daktari amfunge vidonda tu ili aende kuwarukia wale waliongoja. Daktari alimpeleka hospitali. Watu uwanjani, wasijue au wasijali, wakataka warudishiwe viingilio vyao. Yeye kitandani akapeleka simu ya maandishi kwa rafiki zake, kwamba atakapoweza kutembea ataruka tena, na kwamba ajali ile yenyewe ni ushahidi wa kuwa mtu aweza kuanguka kutoka angani asife.

Tunakubali kwamba maneno hayo yalikuwa ya ushujaa. Lakini tukiyapima, twaona ya kuwa alichukua fundisho moja akaacha jingine. Alijifunza kwamba mwili hupona. Lile jingine, kwamba mashine ya bei nafuu hudai bei yake iliyobaki baadaye, hakuweza kulifuata hata kama alilijua, maana ndege nzuri alikuwa hana fedha ya kuinunua, na mwenye kukopesha fedha hizo kwa mwanamke mweusi hakuwako. Alikaa hospitali muda wa miezi kama mitatu. Ndege yake ilikuwa imekwisha, na akiba yake pia.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya kimya kuliko mingine. Mwaka 1925 alirudi Texas, jimbo la kwao, na tarehe 19 Juni aliruka Houston. Siku hiyo watu weusi wa Texas huikumbuka kila mwaka, kwa kuwa ndiyo siku waliyotangaziwa uhuru mwaka 1865. Baada ya michezo aliwachukua watu weusi wengi angani, wake kwa waume, ambao hawakuwahi kukanyaga ndege maishani mwao. Akapita miji mingine akiruka ndege za kuazima, na penye makanisa, mashule na nyumba za michezo akawaonyesha watu filamu za safari zake na kuwaeleza habari za urubani.

Alipofika Waxahachie, mji alikofua nguo na kuchuma pamba, wenye kuandaa michezo walitaka Wazungu waingie kwa mlango mmoja na watu weusi kwa mlango mwingine. Akawaambia hataruka. Wakajadiliana naye, mwisho wakakubali mlango uwe mmoja. Ndani, hata hivyo, watu walikaa mbali mbali kama desturi. Wengine wamemlaumu kwa kukubali nusu. Sisi hatumlaumu. Mlango mmoja katika Texas ya mwaka 1925, uliofunguliwa na binti wa mkulima maskini kwa kusema neno moja la kukataa, haukuwa jambo dogo.

Mwanzoni mwa mwaka 1926 alikuwa Florida. Huko Orlando alipokewa na Mchungaji Hezekiah Hill na mkewe Viola, wakamkaribisha nyumbani kwao kama binti yao. Mama Hill alimsihi aache michezo ya hatari abaki nchi kavu. Bibi Bessie alifungua duka dogo la kutengeneza nywele ili aongeze fedha za ndege, akamwandikia dada yake kwamba shule sasa imekaribia. Ndege aliyokuwa ameanza kuilipia ilikuwa Dallas, tena ni Jenny, naye alikuwa amebakiwa na malipo ya mwisho. Mzungu mmoja tajiri wa Orlando, Bwana Edwin Beeman, alimsaidia kulimaliza deni.

Ndege ikaletwa kutoka Dallas na fundi kijana wa Kizungu, William Wills, mwenye umri wa miaka ishirini na minne. Ni safari ndefu, na katika safari hiyo ndege ilimlazimisha kutua mara tatu kwa sababu ya ubovu wake. Mara tatu kijana huyu alitafuta shamba, akashuka, akafungua injini, akatengeneza alichoweza, akaruka tena. Tunataka msomaji alitazame jambo hili vizuri. Kutua kwa dharura mara moja kwaweza kuwa bahati mbaya. Kutua mara tatu katika safari moja ni ndege yenyewe inasema. Mafundi wa uwanja wa Jacksonville walipoitazama injini walishangaa kwamba imefika. Rafiki na jamaa wakamwomba Bibi Bessie asiipande. Hakukubali. Maonyesho yalikuwa yametangazwa kwa ajili ya siku ya kwanza ya Mei, chama cha hisani cha watu weusi wa mji kilikuwa kimeyatayarisha, na ndege nyingine hakuna. Tena huenda alikumbuka Los Angeles, na wale watu waliodai viingilio vyao.

Asubuhi ya tarehe 30 Aprili 1926 walipaa wawili katika uwanja wa Paxon. Wills ndiye aliyeshika usukani. Bibi Bessie alikuwa amekusudia kuruka kwa mwavuli siku ya pili, na alitaka kuitazama ardhi kutoka juu, ajue ni wapi pa kushukia. Kwa kuwa alikuwa mfupi wa kimo, hakuweza kuchungulia nje ya tundu akiwa amefungwa, basi hakufunga mkanda wake. Walizunguka kama dakika kumi. Wakafika futi 3,000 hivi, kisha ndege ikaongeza mwendo ghafula, ikapiga mbizi, ikaanza kuzunguka kama pia.

Ndege inayozunguka hivyo, yenye usukani mzima, huokolewa: rubani huukanyaga ufito wa mkia kinyume cha mzunguko, husukuma mti mbele, na ndege hutengemaa. Wills alikuwa na nafasi ya kutosha, na hatuna sababu ya kufikiri kwamba hakuijua njia hiyo. Lakini usukani haukusogea. Ile spana iliyotumika kutengeneza injini ilikuwa imeachwa ndani, na ndege ilipoinama iliteleza ikajikwamisha katika vyombo vya kuongozea, na tangu hapo mti na ufito vilikuwa vitu visivyo na kazi. Katika kama futi 2,000 ndege iligeuka juu chini, na Bibi Bessie, asiyefungwa, akatupwa nje. Alikufa papo hapo. Wills alikwenda na ndege hata chini, akafa naye. Kisha petroli iliyomwagika ikashika moto, mabaki yakateketea, na kwa hiyo haikujulikana mara moja ni nini kilichotokea. Spana ilionekana baadaye katika majivu.

Je, tumlaumu nani? Huenda Wills ndiye aliyeiacha spana, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiitengeneza injini njiani. Walakini amekwisha kulipa kwa uhai wake, na sisi hatutaki kumhukumu. Fundi aliyechoka, peke yake, anayeitengeneza injini ile ile kwa mara ya tatu katika mashamba ya watu, huweza kusahau chombo. Injini nzuri isingefunguliwa mara nyingi hivyo. Mkanda nao ungeweza kumzuia asitupwe nje, ingawa Wills mwenyewe hakuokoka. Spana ilikuwa ya mwisho katika mambo mengi, na la kwanza lilikuwa umaskini wake pamoja na sheria za rangi zilizomzuia kupata chombo kilicho bora kuliko kile.

Ibada za mazishi zilikuwa tatu. Ya kwanza ilifanywa Jacksonville, na maelfu walihudhuria, wakiwamo watoto wa shule ambao aliwahutubia siku chache kabla. Ya pili Orlando, katika kanisa la Mchungaji Hill. Kisha mwili ukasafirishwa kwa reli mpaka Chicago, ambako watu kama elfu kumi walikuja kumwaga, na Bibi Ida Wells-Barnett, mwandishi mashuhuri aliyepigana maisha yake yote na dhuluma za kuuawa watu weusi na makundi ya wahuni, akaongoza taratibu. Walimzika katika makaburi ya Lincoln. Magazeti ya watu weusi yalijaa habari zake. Baadhi ya magazeti ya Wazungu yalimtaja kwanza Wills, na yeye wakamtaja baadaye kama mtu aliyekuwamo tu katika ndege ile. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na shule yake haikufunguliwa.

Wengine waliifungua. Mwaka 1929 huko Los Angeles, mji alikokuwa akielekea alipoanguka mara ya kwanza, mtu mweusi aitwaye William Powell, aliyekuwa ofisa katika vita vya Ufaransa, alianzisha chama cha urubani akakipa jina la Bessie Coleman. Wanaume kwa wanawake walijifunza hapo. Chicago nako marubani weusi waliunda chama chao, na tangu mwaka 1931 wakaanza desturi ya kupita kwa ndege juu ya kaburi lake kila mwaka na kuangusha maua. Mwaka 1992 Daktari Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu, alichukua picha yake katika safari hiyo. Mwaka 1995 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye sura yake.

Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitoa sarafu ya senti 25 kwa kumkumbuka. Anaonekana amevaa mavazi ya urubani, anatazama mawingu. Tarehe iliyoandikwa juu ya sarafu hiyo ni ya siku aliyopata hati yake huko Ufaransa, tarehe 15 ya mwezi wa sita, 1921.